Ukigawa Wimbo, Usimfiche Mtunzi

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu alinitumia wimbo kwa WhatsApp, akaniambia ameokota hazina. Faili lilibeba maneno mawili tu: "Zilipendwa 14". Sauti ilipoanza nilimtambua mwimbaji mara moja. Alikuwa Marijani Rajabu na Dar International, na wimbo ni "Zuwena". Nilifurahi kuona kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 ameguswa na muziki niliolelewa nao. Nilihuzunika pia, kwa sababu hakuwa na njia ya kujua ni nani aliyemgusa.

Sisi tuliokua miaka ya themanini tulikuwa watoto wa redio moja. Bendi ziliingia katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, zikarekodiwa kwenye tepu, na nyimbo zikabaki humo. Wanamuziki waliondoka na umaarufu, mara chache na kitu cha mfukoni. Bendi zilizotaka santuri nyingi zilisafiri hadi Nairobi. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya kumbukumbu ya muziki wa dansi ilivyofungiwa katika jengo moja, na kilichotoka nje kikanakiliwa kaseti kwa kaseti hadi majina yakafutika.

Jina lina uzito wa kisheria. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali Mombasa Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, tungo zake bado zina wenyewe. Lakini mrithi atadai vipi wimbo unaozunguka mitandaoni kwa jina la "Zilipendwa 14"?

Wapo watakaonijibu kwamba kugawana ndiko kulikouokoa muziki huu. Ni kweli, nami nisingeujua nusu yake bila kaseti za kunakili. Sipingi kugawana. Ninapinga mazoea ya kumla kuku na kumsahau mfugaji.

Hatari hii haiishii kwa marehemu. Katika miaka ya karibuni nimewasikiliza sana wasanii wanaojitegemea: Vitali Maembe wa Bagamoyo, Siti and the Band wa Zanzibar, na Leo Mkanyia, ambaye gitaa lake limerithi dansi ya baba yake, Henry Mkanyia. Wasanii wa namna hii hawana kampuni kubwa nyuma yao. Mtaji wao ni jina. Tukizisambaza kazi zao bila jina, tunawaandalia yaleyale yaliyowapata wazee wao.

Tumkumbuke Siti binti Saad. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na jina lake likachapwa juu yake. Karibu karne moja baadaye, santuri hizo bado zinamtaja mwenyewe. Tutakuwa tumesonga mbele vipi ikiwa simu zetu za leo zinashindwa kufanya lililofanywa na kipande cha karatasi cha wakati ule?

Nina maombi matatu. Mwanafunzi, kabla hujautuma wimbo, andika mtunzi, mwimbaji na bendi. Usipojua, waulize wazee nyumbani. Mtumishi wa umma mwenye dhamana ya hazina ya tepu iliyo mikononi mwa TBC, tupatie kwanza orodha kamili iliyo wazi kwa kila mwananchi. Orodha haihitaji mitambo ya gharama. Nasi wahadhiri tuwatume wanafunzi wakawahoji wanamuziki wa dansi walio hai, maana kila msiba unaondoka na majina ambayo hayakuandikwa popote.

Yule mwanafunzi nilimjibu kwa mstari mmoja: jina la wimbo, la mwimbaji na la bendi. Jioni aliutuma upya kwenye kundi la darasa, na safari hii jina la Marijani Rajabu lilitangulia.