Mexico Haimo Kwenye Chupa ya Pilipili

Nina ugomvi na hili neno "kimexico" tunavyolitumia jikoni na kwenye menyu za Nairobi. Chukua nyama ya kusaga, ifinyange viduara, imwagie tomato sosi ya chupa, nyunyiza unga wa pilipili hadi mlaji atokwe na makamasi, kisha ita kababu za kimexico. Bei inapanda hapo hapo. Sasa niambie, Mexico yenyewe iko wapi? Kilichopo ni ukali tu, na ukali tulikuwa nao tangu zamani. Muulize yeyote anayeuza viazi karai.

Chakula chenyewe kina jina: albóndigas. Wahispania walilitoa neno hilo kwa Kiarabu, enzi za utawala wa Waislamu ulioingia kwao mwaka 711 na kuisha 1492. Bunduq kwa Kiarabu ni kokwa ndogo ya mviringo, na mzizi huohuo ndio uliotupa sisi bunduki. Wao walipata kitoweo, sisi tukapata silaha. Kisha Hernán Cortés akatua Mexico mwaka 1519, na nyuma yake wakaja ng'ombe, nguruwe, mchele na bizari. Waliokuwa pale walikuwa na nyanya, pilipili na mahindi yao, na majina yao ya Kinahuatl: xitomatl, chilli. Ushindi ulikuwa wa damu, lakini ndani ya chungu wenyeji hawakushindwa. Nyama ya mgeni ilizamishwa kwenye sosi ya mwenyeji.

Na sosi hiyo ina kanuni. Nyanya huchomwa nzima juu ya comal, yaani kikaango bapa kisicho na mafuta, mpaka ngozi ifanye mabaka meusi. Kitunguu saumu huchomwa na maganda yake. Kisha vyote vinasagwa na chipotle, na wapo hadi leo wanaosagia kwenye molcajete, kinu cha jiwe chenye miguu mitatu. Chipotle ni jalapeño iliyoachwa ikaiva nyekundu, halafu ikakaushwa kwa moshi. Jina lake la asili, chilpoctli, maana yake ni hiyo hiyo: pilipili ya moshi. Sosi ikishasagwa hukaangwa kwenye mafuta ya moto hadi igeuke rangi, ndipo supu inaongezwa.

Nyama nayo huchanganywa na yai, nanaa au oregano, bizari nyembamba, na mchele mbichi kidogo au mkate uliolowekwa. Wengi hawaikaangi. Huitumbukiza mbichi kwenye sosi inayochemka polepole, wakafunika, wakasubiri mchele uive. Wapo wanaoficha kipande cha yai la kuchemsha katikati ya donge.

Huo mchele ndio unaonikasirisha zaidi ukitolewa. Mchele unavimba, nyama kidogo inatosha watu wengi. Hiyo ni hesabu ya mama mwenye nusu kilo ya nyama na vinywa vinane. Wapishi wetu wa menyu za kupendeza wanautoa mchele kwa sababu unaonekana wa kimaskini, wanaacha kuchoma nyanya kwa sababu kunachukua muda, wanafuta moshi kwa sababu hawaujui. Wameondoa kazi na akili ya wanawake, wakabakisha ukali, halafu wanatuuzia kama safari ya ng'ambo.

Najua nitaambiwa: wewe nawe, chipotle utaipata wapi mtaani? Ukiipata ni kopo la duka kubwa lenye bei ya kukufanya ulirudishe rafuni. Sawa. Lakini kwani moshi ni mgeni kwetu? Kando ya Ziwa Victoria samaki hukaushwa kwa moshi. Wakalenjin husugua kibuyu kwa mkaa wa miti maalumu kabla ya kutia maziwa ya mursik. Chukua pilipili zilizoiva nyekundu, zianike zinyauke, ziweke kwenye wavu juu ya jiko lenye kuni zinazofuka, funika, ngoja masaa. Haitakuwa chipotle, na tafadhali usiiite chipotle. Ila utakuwa umeelewa sosi ile inataka nini.

Nitaambiwa pia kwamba chakula ni cha kila mtu na kila mtu abadilishe atakavyo. Kabisa! Albóndigas zenyewe ni mchanganyiko kutoka mwanzo hadi mwisho. Usipokula nguruwe, tumia ng'ombe peke yake. Weka dania, weka nazi ukitaka. Tofauti ni kwamba anayebadilisha anajua alichokitoa na kwa nini. Anayefuta hajui hata kama kulikuwa na kitu.

Hii si ngoma ya jikoni tu. Mwaka 2010 UNESCO iliweka mapishi ya jadi ya Mexico kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na msingi wake ni mahindi, maharagwe, pilipili na ujuzi wa kuviandaa. Sisi tunaupunguza ujuzi wote huo uwe unga mwekundu wa kunyunyiza. Halafu sisi hao hao tunawaka mtu wa mbali akisema Wakenya hula ugali na nyama choma basi, kana kwamba hapajawahi kuwa na mukimo, mahamri wala mutura. Dharau ni ile ile, isipokuwa safari hii mwiko tumeushika sisi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye menyu ni dogo. Chomeni nyanya. Rudisheni mchele. Tafuteni moshi. Kama hamna muda huo, andikeni "kababu za pilipili", mtuuzie kwa bei ya kababu. Tutanunua.