Afrosiyob: Miaka 15 ya Mwendo Kasi

Mwaka huu treni ya Afrosiyob inatimiza miaka 15 tangu ianze kubeba abiria kati ya Tashkent na Samarkand. Ndiyo treni ya kwanza ya mwendo kasi katika Asia ya Kati nzima. Shirika la Reli la Uzbekistan linastahili pongezi, nasi tunazitoa kwa moyo mkunjufu.

Uzbekistan haina pwani, na jirani zake wote hawana njia ya bahari kuu. Kwa nchi ya namna hiyo, reli ni uhai.

Garimoshi lilifika Samarkand mwaka 1888, enzi za utawala wa Urusi. Shirika la leo liliundwa mwaka 1994, baada ya Muungano wa Kisovieti kusambaratika, likarithi njia zilizojengwa pasipo kufikiria mipaka. Treni ya kwenda bonde la Fergana ililazimika kukatiza ardhi ya Tajikistan. Shirika halikukaa kulalamika. Mlima ulitobolewa, na mwaka 2016 handaki la Qamchiq, kilomita 19.2, likafunguliwa. Tangu hapo Mfergana anafika mji mkuu bila kuvuka mpaka wa mtu.

Ujasiri huohuo ndio uliozaa Afrosiyob mwaka 2011. Treni ziliagizwa kwa Talgo ya Hispania, zikaundiwa magurudumu ya kuenea reli pana ya milimita 1,520 iliyoachwa na Warusi. Zinafikia kilomita 250 kwa saa. Kilomita 344 za kwenda Samarkand zinamalizika kwa saa mbili na dakika chache: abiria anaondoka Tashkent alfajiri, anakunywa chai huku mashamba ya pamba yakipita dirishani, na kabla jua halijawa kali yuko kwenye mji wenye magofu ya kale yaliyoipa treni hiyo jina. Qarshi ilifikiwa mwaka 2015, Bukhara mwaka uliofuata.

Tatizo lililobaki ni viti. Msimu wa watalii ukifika, tiketi huisha mapema, na mwananchi mwenye mgonjwa au msiba Bukhara hujikuta akiachwa stesheni. Hili halikubaliki kwa chombo kilichojengwa kwa jasho la umma. Mwaka 2024 shirika lilisaini mkataba wa treni 6 mpya na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, kampuni ileile iliyounda treni ya Mchongoko inayowapeleka Watanzania Dodoma. Ni hatua sahihi.

Tunalitaka shirika lisiishie kununua treni. Lipeleke mwendo kasi hadi Khiva na kuudumisha huko, na katika kila safari litenge viti vya nauli ambayo mwalimu na mkulima wa pamba wanaimudu. Reli ni yao.