Ushahidi wa Mwenye Usonji Mwenyewe

Mjadala unaoendelea nchini Uingereza kuhusu watu wanaotambuliwa kuwa na usonji wakiwa na zaidi ya miaka 50 umetekwa na hofu kwamba wanaoomba kupimwa wamezidi, ilhali swali zito zaidi, yaani ni ushahidi wa nani unaoaminiwa katika chumba cha upimaji, limeachwa kando. Aliyezaliwa mwaka 1955 alimaliza shule kabla Lorna Wing hajachapisha, mwaka 1981, makala iliyowafundisha madaktari kuuona usonji kwa watu wenye ufasaha wa lugha. Leo mtu huyohuyo anatakiwa kuleta mzazi wa kueleza utoto wake, na mzazi keshafariki.

Mwongozo wa mwaka 2012 wa NICE, taasisi inayoelekeza matibabu nchini humo, unataka ndugu au mwenza ashirikishwe pale inapowezekana, au zitumike nyaraka kama ripoti za shule. Kwa hiyo kituo kinachorudisha ombi kwa kukosekana mzazi hakiufuati. ADOS, kipimo ambacho mtaalamu humtazama mhusika akizungumza na kusimulia hadithi ya kitabu cha picha, huchukua takriban saa moja. Mwanamke aliyefanya kazi ya mapokezi kwa miaka thelathini amekwisha kujizoeza kutazama watu usoni kwa muda huo, na kujificha huko, yaani kuiga mwenendo wa wengine ili asitambulike, humgharimu jioni, anapojifungia chumbani na kuzima taa kwa sababu hawezi tena kustahimili hata sauti ya mwanawe. Jioni hiyo hakuna mpimaji anayeiona, na anayeweza kuieleza ni yeye peke yake. Kuyaita maelezo yake hisia tu ni kuutupa ushahidi ulio bora kuliko wote.

 

Usaidizi nao hauna sababu ya kusubiri barua ya daktari, kwa kuwa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 hutazama jinsi hali ya mtu inavyoathiri shughuli zake za kila siku, wala haimdai mfanyakazi jina la ugonjwa ndipo apewe maelekezo ya maandishi au meza iliyo mbali na kelele.