Utafiti wa Shule Usifungiwe Kabatini



Reli haijafika Meru. Sisi watu wa Kinoru tufanyao kazi ya njia huiacha reli kule Nanyuki, na safari ya nyumbani tunaimaliza kwa gari. Likizo iliyopita nilipofika nyumbani nilikutana na mwalimu wa mtoto wangu, akanieleza jambo ambalo nimeona si haki nikae nalo peke yangu.

Alisema hivi: “Mzazi, walikuja watu wakawapima watoto kusoma. Walikaa siku nzima, wakaandika, wakatushukuru, wakaenda zao. Baadaye ikaja ripoti ya Kiingereza, nene kama tofali. Mimi nina watoto sitini na wawili darasani. Niisome saa ngapi? Tena haisemi Jumatatu asubuhi nifanye nini.” Nikamwuliza ripoti iko wapi. Akacheka, akasema, “Kabatini, na ufunguo sina.”

Labda wako watakaosema kwamba gazeti hili ni la mishahara na saa za kazi, si la shule. Nawauliza: mshahara tunaoupigania huenda wapi? Nusu yake huliwa na shule. Na mwalimu ni mfanyakazi kama sisi. Chama chao, KNUT, kiliundwa mwaka 1957, na shida zake nyingi ni shida zetu. Mfanyakazi akinyimwa chombo cha kazi, ni haki yetu kusema.

Si kwamba utafiti haupo. Nchi hii imepimwa sana. Mathalani, katika miaka ya 1990 wataalamu walijaribu jambo moja huko Busia na Teso. Shule nyingine zilipewa vitabu bure, nyingine hazikupewa, kisha watoto wote wakapimwa. Kila mzazi angeapa kwamba wenye vitabu watashinda. Sivyo ilivyokuwa. Vitabu viliwasaidia wale waliokuwa mbele tayari. Kwa watoto wengi havikuleta tofauti. Sababu moja waliyoieleza ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu. Mtoto alishika kitabu asichoweza kukisoma.

Habari hiyo ingemfaa kila mwalimu wa kijijini, na kila baba aliyewahi kukopa fedha anunue kitabu. Lakini ilichapishwa mwaka 2009 katika jarida la wachumi la Marekani, kwa Kiingereza cha wachumi. Yaani habari kwamba kitabu kisichosomeka hakimsaidii mtoto, iliandikwa katika kitabu ambacho mwalimu wa mtoto huyo hawezi kukipata, na akikipata hawezi kukielewa. Mmoja wa wataalamu hao, Michael Kremer, alipata pamoja na wenzake Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, kwa kazi za namna hiyo. Hatumwonei wivu. Twauliza tu, mwalimu wa Busia alipata nini?

Wengine wamejaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2009 watu wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba nchini wakiwapima watoto kusoma na kuhesabu, na mzazi aliambiwa palepale jinsi mtoto wake alivyofanya. Jambo hilo ni la heshima. Lakini wataalamu walipofuatilia wazazi walioambiwa, na hata kupewa mashauri ya la kufanya, hawakuona kwamba mwenendo wao ulibadilika sana. Hapo tujifunze kitu: kumwambia mtu habari tu hakutoshi.

Sisi wa reli twalijua hilo kwa mikono yetu. Ofisi kuu ikiona njia inakaa vibaya, haitoshi kuleta sakula ikabandikwa ukutani. Inspekta huja kwa troli, hushuka, huweka kipimo juu ya reli, na kuonyesha: taruma hili limeoza, kokoto hapa zimepungua, inueni hivi. Genge lote huona. Kesho yake hata asiyejua kusoma aweza kuifanya kazi ile. Hesabu za mainjinia ni ndefu, nasi hatuzidharau, kwa sababu treni hupita juu yake salama. Lakini kinachofika kwa genge si hesabu. Ni kipimo na nyundo.

Hata katika shule imeonekana yawezekana. Kati ya mwaka 2011 na 2014 mpango ulioitwa PRIMR ulijaribu namna mbalimbali za kufundisha kusoma. Ilionekana kwamba semina peke yake haikufanya kazi kubwa. Vitabu vya watoto vilipoongezwa, na mwalimu akapewa mwongozo wa somo la kila siku, ndipo watoto walipoendelea zaidi. Kutokana na hayo ukaja mpango wa Tusome mwaka 2015, katika shule za msingi za serikali nchi nzima, zaidi ya 20,000. Kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wake, na ofisa wa kuja darasani kutazama na kushauri. Walipopimwa tena, watoto wa darasa la kwanza na la pili walisoma Kiswahili na Kiingereza vizuri kuliko waliowatangulia. Hapo utafiti ulitoka kabatini.

Lakini tusilale. Fedha nyingi za kazi ile zilitoka Marekani kwa mkono wa USAID, na shirika hilo lilifungwa mwaka 2025. Njia ikishajengwa bila genge la kuitunza, majani huota.

Wako walimu wanaosema kwamba mwongozo humfanya mwalimu kasuku. Neno hilo lina ukweli, nasi hatutaki mwalimu anyang'anywe akili yake. Ndiyo maana lazima aulizwe tangu mwanzo, kabla karatasi haijaandikwa, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye ni wapi watoto hukwama.

Basi twadai mambo manne:

1. Kila utafiti uliofanywa katika shule urudi katika shule ile ile, kwa kurasa mbili za Kiswahili chepesi, ukisema nini kimeonekana na nini kifanywe darasani.

2. Aje mtu kuuonyesha mbele ya watoto, si kuuleta kwa bahasha.

3. Walimu wapewe saa ya kuujadili ndani ya saa za kazi. Isiwe Jumamosi bila malipo.

4. Serikali itenge fedha yake yenyewe kwa maofisa wa kuwatembelea walimu.

Nanyi wanachama, mna kazi ndogo. Katika mkutano ujao wa wazazi, kila mmoja asimame aulize: “Watoto wetu walipimwa lini, na majibu yako wapi?” Mimi nitauliza Kinoru. Akiuliza mmoja, ataambiwa akae chini. Tukiuliza wote, kabati litafunguliwa.