Kopo la Mbwa

Katika nyumba nyingi za mikoa yetu ilimayo mahindi, kuna kazi ambayo hufanywa kabla ya kwenda mashineni. Mama wa nyumba huketi na ungo, akachambua. Punje nzima huingia ndooni. Zile zilizotobolewa na dumuzi, zilizosinyaa, na zilizoota ukungu wa kijani, huwekwa kando ndani ya kopo. Ukimwuliza kopo lile ni la nini, atakujibu bila kusita kwamba ni la mbwa.

Ndugu msomaji, makala haya yanalihusu kopo lile.

Siku hizi ni rahisi kupata maonyo juu ya vyakula vya binadamu visivyomfaa mbwa, na mengi ya maonyo hayo ni ya kweli. Chokoleti na kahawa zina kemikali zinazouendesha moyo wake mbio hadi kumwua. Zabibu huweza kumharibu figo. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu yake. Na hili linatuhusu sana, maana mchuzi wetu ni nadra kukosa vitunguu. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Kwa upande mwingine, ugali au wali mtupu, nyama na samaki waliopikwa wakatolewa mifupa na miiba, boga, na viazi vitamu vya kuchemsha havimdhuru. Haya yote mfugaji hana budi kuyajua. Lakini aghalabu orodha hizo ziliandikwa kwa ajili ya mbwa alalaye sebuleni, karibu na kisahani cha chokoleti. Mbwa wa kwetu hulala chini ya ghala, na mlo wake ni ugali wa pumba uliochanganywa na dagaa wa bei ya chini. Hatari yake kubwa, kwa maoni yangu, haimo katika orodha hizo. Imo koponi.

Kuvu iitwayo Aspergillus flavus huota juu ya mahindi na karanga, hasa pale mmea uliposumbuliwa na ukame shambani, au mavuno yalipowekwa ghalani kabla hayajakauka vyema. Kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo sasa imezoeleka kwa jina la sumukuvu. Haina rangi, harufu wala ladha. Hushambulia ini. Wala tusidhani kwamba moto wa jiko huimaliza: ugali husongwa ukaiva, na sehemu kubwa ya sumu ikabaki kama ilivyokuwa.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba sumu hii haikai sawasawa katika gunia. Punje chache huweza kubeba karibu sumu yote, na zilizobaki zikawa safi. Ndiyo sababu kuchambua kwa mkono kunasaidia kweli kweli, na akina mama wanaofanya kazi hiyo wanaokoa maisha ya watoto wao. Lakini tufuate hesabu hiyo hadi mwisho wake. Ikiwa ndoo imepungukiwa sumu, sumu imekwenda wapi? Imekusanyika koponi. Kadhalika katika kukoboa: sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini cha punje, basi sembe hutoka ikiwa na nafuu, na pumba zikabaki na mzigo. Mbwa hupewa kopo, kisha hupewa na pumba. Tumemkabidhi, pasipo kukusudia, sumu ya nyumba nzima.

Naye si mnyama wa kuistahimili. Kipimo kinachokadiriwa kuua nusu ya mbwa wanaokila kwa mara moja huanzia kwenye nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Katika maradhi yaliyotokea Machakos, Kenya, mwaka 1981, sampuli moja ya mahindi ilikutwa na mikrogramu 12,000 za aflatoksini B1 katika kilo moja, hali viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya 5. Kwa mahindi ya namna ile, mbwa wa kilo 15 angefikia kipimo hicho kwa kula gramu 625 tu, yaani mlo wa siku moja au mbili. Na akila kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, ini huharibika vile vile, ila kwa ukimya.

Machakos inastahili kukumbukwa kwa sababu nyingine. Kati ya Machi na Juni mwaka ule wagonjwa 20 walilazwa hospitalini wakiwa na macho ya manjano, na 12 wakafa. Lakini kabla ya watu, wenyeji walikuwa wameona njiwa wengi wakifa, na baada ya njiwa, mbwa. Huko magharibi mwa India, mwaka 1974, watu 397 waliugua na 106 wakafa kwa kula mahindi yenye kuvu, na mbwa walioshiriki chakula kile waliugua ugonjwa ule ule. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, madaktari wa mifugo walikuwa wakiona mbwa wakifa kwa ugonjwa wa ini wasioujua asili yake. Iliwalazimu kungoja hadi batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza mwaka 1960, kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyooza, ndipo sumu yenyewe ikagunduliwa na fumbo la mbwa wale likafumbuliwa.

Nilipokuwa kijana, mbwa wetu alikufa miezi michache baada ya mavuno yaliyonyeshewa. Aliacha kula, akatapika, tumbo likajaa maji, ufizi ukawa wa njano. Tulikata shauri kwamba jirani amemlisha sumu, na salamu kati ya nyumba zile mbili hazikuwa salamu tena kwa miaka mingi. Hakuna aliyekwenda kutazama ghalani.

Nimepata kuambiwa kwamba kuzungumzia mlo wa mbwa ni anasa katika nchi ambamo si kila mtoto hula akashiba. Hoja hii ina uzito, lakini imekosa shabaha. Simwombi mtu amgawie mbwa unga wa watoto. Pumba za mahindi makavu na safi si mbaya kwake. Ninachosema ni kwamba punje za koponi hazimfai kiumbe yeyote: kuku akizila, sumu huweza kufika katika mayai, ng'ombe akizila, hufika katika maziwa, zikitiwa katika pombe ya kienyeji, hufika kwa mzee wa nyumba mwenyewe. Zichomwe au zifukiwe. Hasara yake ni kopo moja, tena la mahindi ambayo yalikwisha potea tangu yalipoanikwa juu ya udongo badala ya turubai.

Liko na lingine, nalo nalielekeza kwa wakubwa wa idara. Mwaka 2004 watu 317 waliugua mashariki mwa Kenya na 125 wakafa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua 68 na 20 wakafa. Mbwa wa kijiji hula mahindi yale yale, tena yaliyo mabaya zaidi, na kwa hiyo aweza kuugua mapema kuliko mwenye nyumba. Lakini mbwa akifa, habari hufika, ikiwa itafika, kwa bwana mifugo. Mtu akiugua, hufika kwa mganga wa zahanati. Na mahindi ni ya bwana shamba. Madaftari matatu, na hakuna anayeyasoma kwa pamoja. Kweli, macho ya manjano kwa mbwa huletwa pia na homa ya mgunda na maradhi ya kupe, na kifo cha mbwa mmoja si ushahidi. Lakini mbwa watatu wa kitongoji kimoja wakifa katika mwezi mmoja, ufizi ukiwa wa njano, gharama ya kuchukua kilo chache za mahindi ya kitongoji kile na kuzipeleka maabara ni ndogo mno, na hakuna haja ya kungoja mtu wa kwanza alazwe.