Udongo uko hapo hapo, jameni!

Jameni, leo programu naziweka kando, nina hasira. Jana usiku nimerudia The Last Airbender, ile sinema ya M. Night Shyamalan ya 2010. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Katuni yenyewe ilionyeshwa na Nickelodeon kuanzia 2005 hadi 2008, vipindi 61. Sinema ikachukua msimu mzima wa kwanza, vipindi 20, ikausindilia katika dakika 103. Hata jina la Aang wakalitamka "Ong"!

Lakini kinachoniuma ni lile gereza. Kwenye katuni, watu wanaoamuru udongo wamefungwa katikati ya bahari, kwenye jengo la chuma tupu. Hakuna hata punje ya mchanga, kwa hivyo hawana la kufanya, mpaka Aang na wenzake walipowapandishia makaa ya mawe. Kwenye sinema? Wamefungwa nchi kavu, udongo umewazunguka, nao wamekaa tu wakingoja mtoto aje awakumbushe! Halafu kundi zima linarukaruka kama ngoma na kijiwe kimoja kinaelea pole pole.

Hapo usiniambie habari ya bajeti. Ni mantiki. Ukifuta sharti kwenye programu bila kujua liliwekwa kwa nini, yote yanayolitegemea yanaanguka.

Netflix wakajaribu tena 2024, vipindi 8. Waliobuni katuni, DiMartino na Konietzko, walishajitoa 2020. Picha safi, ndiyo, lakini watu wanasimama tu wakisimuliana hadithi.

Unabisha? Tazama kwanza kipindi cha gereza, msimu wa kwanza, namba 6.