Kabla Mvua Haijatukuta

Ndugu zangu wa Lubumbashi, baba na mama, vijana wa komini zote kuanzia Kenya na Katuba hadi Ruashi na Annexe: jakaranda zikichanua mnajua mvua haiko mbali. Kipwa kinaisha, na kuanzia Novemba hadi Machi tunashushiwa karibu mvua yote ya mwaka, kama milimita 1,200. Ninawaomba jambo moja kabla haijafika: kila mwenye lupango abakize sehemu ya udongo wazi, yenye majani na mti.

Pigeni hesabu nami. Paa la bati la mita 10 kwa 10, likinyeshewa milimita 50 alasiri moja, linamwaga lita 5,000. Hizo ni bidoni 250 za manjano, zile ambazo mama na watoto huzibeba kipwa kizima. Sasa fikirini nyumba zote za avenyu moja zikimwaga kiasi hicho kwa saa ileile. Zamani udongo wetu mwekundu ulikunywa sehemu kubwa. Leo tumeufunika kwa simenti tukijivunia ua usio na vumbi, na miombo iliyozunguka mji imeishia kuwa makala. Maji yakikosa pa kuingia yanakimbia, yanakokota mchanga na sashe, kanivo inaziba, na mtu wa bondeni anaamka usiku kuinua godoro. (Sashe zilipigwa marufuku kwa dekreti ya Desemba 2017, kanivo zetu bado hazijapata habari.)

Tusimcheke huyo wa bondeni. Alinunua pale mfuko wake ulipofika. Wa kuulizwa ni wale wanaoendelea kukata viwanja kwenye dembo na kingo za mto Lubumbashi na Kafubu. Wanauza mahali pa maji, na maji hurudi mahali pake bila kubisha hodi.

Kazi ya nyumbani haina gharama kubwa. Chimbeni shimo la kufika kiunoni, mita 3 au zaidi kutoka msingi wa nyumba, na mbali zaidi na kisima na choo. Lijazeni mawe na vipande vya matofali ya kuchoma, kisha elekezeni humo maji ya paa. Kando yake migomba itafurahi. Kwenye mteremko pandeni vetiva, ambayo mizizi yake huenda chini sana na kushika udongo. Aliyekwisha kumwaga simenti ua mzima anaweza kubomoa ukanda mmoja kando ya ukuta na kupanda mwembe au mti wa avoka. Baada ya miaka michache watoto watakula.

Wenzetu wa Beira, Msumbiji, walifanya jambo la aina hiyo kwa ukubwa wa mji. Waliusafisha mto Chiveve unaopita katikati, wakapanda mikoko, na kingo zake zikawa bustani ya watu wote. Sisi mikoko hatuna, lakini mito tunayo, na dembo ambazo hazijajengwa bado zipo. Ziachwe na majani yake, na mama wa lengalenga waendelee kulima humo.

Sisemi mti utachukua nafasi ya kanivo. Udongo ukishashiba, mvua kubwa inahitaji kanivo pana, na hiyo ni kazi ya komini na ya mkoa. Tuendelee kuidai kwa sauti. Lakini tusiidai huku tukiwamwagia majirani bidoni 250 kila alasiri.

Basi, katika salongo ya Jumamosi, matope tunayotoa kwenye kanivo tusiyalundike palepale pembeni, yabebwe mbali. Wapangaji, zungumzeni na mwenye nyumba kuhusu lile shimo, naye akikubali, anzeni kuchimba mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, maana udongo wa kipwa unavunja jembe. Miche nayo isubiri Desemba, mvua zikiwa zimeshika.